Kumzoeza Bahasha

Shieywe, Kakamega
Jumatatu, 10 Novemba 2025

Miaka thelathini na mitatu na miezi minane tangu niondoke kijijini kwetu Chekalini. Niliondoka mwaka ule wa vurugu za kikabila, kwa miguu, godoro kichwani. Nilijiapiza jambo moja njiani: nikirudi, nitarudi juu ya farasi.

Watu hudhani ni majivuno. Sivyo. Baba yangu, Isaya, alikuwa saisi kwenye shamba la Mzungu huko huko Chekalini, kabla mashamba hayajagawanywa. Aliwasugua farasi, akawalisha, akawatembeza umande ukiwa bado majanini. Hakuruhusiwa kumpanda hata mmoja. Alitembea kando, mkono wake begani mwa mnyama, kimya. Kazi yake yote aliifanya kimya. Nilipokuwa mtoto nilidhani hana la kuwaambia.

Jana farasi alifika! Kipkoech wa Turbo, tuliyechunga naye ng'ombe utotoni, ameniazima jike wa miaka mitatu ambaye hajawahi kuvaa tandiko. Sharti: nikimpanda hadi uwanja wa kanisa la Chekalini Jumapili ya mavuno, tarehe thelathini, ni wangu. Nikishindwa, anamchukua. Kipkoech alicheka sana kwenye simu. Cheko la mtu asiyejua anaongea na nani.

Rangi yake ni ya bahasha za kaki za serikali. Nimemwita Bahasha. Nilifanya kazi posta hadi nikastaafu, rangi hiyo naijua kuliko sura za shemeji zangu. Anakaa katika kiwanja cha jirani yangu Abdulfatah, muuza mitumba kutoka Matungu, mtu wa dini na wa maneno machache yenye ncha.

Mke wangu Priscah aliuliza jambo moja tu: kama nataka kwenda Chekalini, kwa nini nisipande gari kama watu? Nilimweleza habari za baba, kwa kirefu. Akasema yeye ameuliza habari za gari.

Jumanne, 11 Novemba

Kumzoeza farasi ni elimu, nami nimeisoma. Enzi za posta kulikuja jarida la farasi la Mzungu mmoja aliyehama bila kuacha anwani. Nililihifadhi. Namna bora ya kulihifadhi jarida ni kulisoma. Toleo la kwanza: jinsi ya kumwonyesha mnyama vitu vya kutisha. Toleo la tatu: jinsi ya kumpanda. La pili halikufika. Sidhani lilikuwa na jambo kubwa.

Leo, mguso. Unaweka kiganja begani, mnyama anatulia. Niliweka kiganja. Bega likahama. Nikalifuata. Tulizunguka kiwanja hadi adhuhuri. Abdulfatah alichungulia juu ya ua, akasema salaam aleikum mzee, akauliza kati yetu wawili ni nani anayezoezwa.

Alasiri, mwavuli. Jarida linasema ufunguliwe polepole, kwa mbali. Mwavuli wangu ni ule wa kubonyeza. Paa! Bahasha alikuwa upande wa pili kabla sauti haijaisha. Mimi nilikuwa ndani ya sukuma wiki za Abdulfatah. Sukuma zimelala chini. Abdulfatah alisema sadaka humtoka mtu kwa njia nyingi, ila hii hakuwa ameitilia nia.

Alhamisi, 13 Novemba

Jarida linataka mfuko wa plastiki ufungwe kwenye fimbo na kutikiswa. Mifuko hiyo nchini mwetu ni marufuku. Sitashtakiwa kwa ajili ya farasi. Nikachukua turubai la Priscah la kuanikia mahindi, nikalifunga kwenye mwiko wa ugali, nikatikisa. Bahasha alijaribu kupanda ukuta.

Priscah alikuja kudai turubai. Mahindi yake yako nje na mawingu yameshuka. Alipoona jua limerudi, akalitandika palepale kiwanjani, akamwaga mahindi, akaketi kupukuchua. Hakumtazama farasi hata kidogo. Muda si muda Bahasha alikuwa amesimama juu ya turubai, turubai lile lile, anaokota punje karibu na goti la mke wangu. Priscah akamkuna nyuma ya masikio. Akamwinua mguu wa mbele, akachomoa kijiwe kwenye ukwato, akaushusha. Wakati wote huo alikuwa akinilalamikia mimi kwa habari ya mwiko.

Jarida linasema hatua ya kuinua mguu huchukua wiki nyingi. Nilimwambia ni bahati. Akasema: "Wewe unamwangalianga kama mtu anataka kumwibia. Hata mimi ningekimbia."

Wivu haunifai katika umri huu. Nimeuandika tu ili uwe umeandikwa.

Jumamosi, 15 Novemba

Siku kuu! Asubuhi nilipita Khayega. Fahali alikuwa akipelekwa uwanjani kupigana. Ngoma za isukuti zinalia, mbinja, firimbi, matawi juu, vumbi, watu wanakimbia mbele na nyuma. Na fahali? Anatembea kama mzee anayetoka kunyolewa. Hashtuki. Hapepesi.

Nikaona kosa la Wazungu wote. Mwavuli leo, mfuko kesho, blanketi mwezi ujao. Kwa nini? Mnyama huzoezwa kwa kila kitu kwa pamoja! Mpe kelele zote za dunia, atazimaliza, hatabakiwa na la kuogopa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Awinja, mwimbishaji wa kikundi cha isukuti kinachofanya mazoezi nyuma ya soko. Nikamwomba wahamie kiwanjani kwetu kila alasiri. Aliuliza nani amefariki. Nikasema hakuna, ni farasi. Akauliza farasi amefariki lini. Tulipoelewana akataka ingokho, yaani kuku, mmoja kwa kila mazoezi, tena awe wa kienyeji, asiwe wa dukani. Priscah ana kuku wengi. Hawatambui kwa majina.

Ngoma ya kwanza: Bahasha aliruka, akazunguka, akatoka jasho kama amevuka mto. Ngoma ya pili: alisimama, masikio mbele. Nikawaambia waongeze. Ya tatu, waongeze tena. Jua lilipokuwa linashuka, kichwa chake kilikuwa chini, mdomo unaning'inia, macho nusu. Amelala! Katikati ya isukuti tatu, firimbi, na Awinja akiimba kwa sauti inayofika Malava!

Nilitokwa na machozi kidogo. Abdulfatah alisema hata yeye, lakini kwa sababu ya kichwa kumuuma.

Jumatano, 19 Novemba

Maendeleo ya ajabu. Ngoma zinapolia, Bahasha anakubali lolote. Nimemfungulia mwavuli masikioni. Nimemvika blanketi, gunia, kisha tandiko la zamani nililoazima. Boda boda tatu zimemzunguka zikipiga honi. Kijana mmoja wa boda boda alisema farasi huyu "amechill kuliko mzee." Nilichukua kama sifa kwa mwalimu.

Leo nililala juu ya mgongo wake kwa tumbo, kama gunia la mahindi, miguu upande huu, mikono upande ule. Ndivyo toleo la tatu linavyoagiza. Hakusogea. Niliona ardhi ya Shieywe kutoka juu kwa mara ya kwanza. Kuna takataka nyingi.

Priscah ameanza kuhesabu kuku. Anasema mwewe wa mwaka huu ana adabu, haachi hata unyoya. Nilisema hali ya hewa imebadilika.

Ijumaa, 21 Novemba

Wanjala! Alikuja kliniki mjini, akapita kwetu bila kualikwa. Wanjala alikuwa jirani yetu Chekalini. Tuliondoka siku moja, barabara moja. Yeye alirudi mwaka uliofuata. Sasa ni mzee wa kanisa, ana trekta, na kila anaponiona ananiita mtoto wa saisi, mbele za watu, kwa upendo. Upendo wa aina hiyo ni mzito kuliko tusi.

Priscah alipika. Abdulfatah aliitwa kuchinja, kama kawaida yetu, ili naye ale. Obusuma, ugali wetu, ukaja, umeiva vizuri, na kuku juu ya sinia. Sasa, katika nyumba hii firigisi ni yangu. Tangu siku ya harusi. Mwenye nyumba ndiye hupewa, kila mtu kuanzia hapa hadi Mumias anajua.

Priscah akaichukua kwa kijiko, akaizungusha hewani ili tuione sote, akaiweka katika sahani ya Wanjala.

Nikakohoa. Akasema kwa sauti ya upole kwamba mwenye nyumba amekwisha kula zake. Amezila kwa masikio, zikipigwa ngoma. Amepata habari sokoni: Awinja anamsifu mzee wa farasi kwa kuku wanono.

Abdulfatah alitazama dari. Wanjala alitafuna polepole sana. Kisha akasema Jumapili ya mavuno yeye atafika kanisani na trekta, tela limepambwa kwa mabua na maua, mahindi ya kanisa zima ndani. Akauliza mimi nitafika na nini. Nilimwonyesha Bahasha. Alimtazama, akanitazama, akaniwekea mkono begani. "Uliondoka na godoro kichwani, ndugu yangu. Hata ukirudi nalo, tutakupokea. Njoo tu."

Njoo tu! Kama mgeni wa kuomba chumvi. Baba yangu alitembea kando ya farasi maisha yake yote. Sitaingia Chekalini kwa "njoo tu."

Jumanne, 25 Novemba

Nimempanda! Vizuri kabisa, miguu pande zote mbili, hatamu mkononi, isukuti zikilia. Tulizunguka kiwanja. Awinja alinitungia ubeti papo hapo, unaosema mjukuu wa mtu fulani anatazama watu utosini. Priscah alisimama mlangoni na hakusema lolote, jambo ambalo kwake ni makofi.

Jambo dogo. Jana kikundi kilikwenda mazishini na alasiri ilikuwa kimya. Bahasha hakukubali hata nimguse. Alitetemeka, akavuja jasho, akaendaenda kando ya ua akisikiliza. Nadhani ni mafua. Abdulfatah akasema labda mnyama anaogopa ukimya. Kwao Matungu, alisema, hata mtoto aliyelelewa karibu na kiwanda cha sukari hulia siku mitambo ikisimama. Nikacheka. Kuogopa ukimya! Ukimya una nini? Hauna meno.

Hata hivyo nimeazima redio yake, nimeifunga kwenye nguzo. Inalia mchana kutwa. Mafua yamepona.

Jumapili, 30 Novemba. Ndani ya lori, kisha nyumbani

Naandika kwa utaratibu, kama yalivyotokea.

Awinja na kikundi chake waliahidi kuja, lakini jana waliitwa Malava kwenye maziko ya mtu mkubwa. Sikujali. Farasi amekwisha zoezwa. Lori la Kipkoech lilitubeba alfajiri, mimi, Priscah na Bahasha. Malava tulisimama kununua ndizi. Wachuuzi walilizunguka lori, honi zikilia, na Bahasha akasinzia. Nilimwonyesha dereva. Nikamwambia: elimu.

Lori lilisimama kwenye njia panda ya kuingia Chekalini, Bahasha akateremshwa. Nikatoka lorini moja kwa moja hadi mgongoni mwake, bila kukanyaga chini. Hilo nililipanga: mguu wangu usiguse udongo ule kabla ya uwanja wa kanisa. Dereva akazima injini, akabaki na lori.

Nilikuwa nimesahau. Huko hakuna sauti. Mahindi yamekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu shamba zima, rangi ya Bahasha. Kulikuwa na upepo mdogo. Jani moja kavu lilisuguana na lingine. Njiwa mmoja. Basi. Harufu ilikuwa ile ile. Nilijua kila kona ya njia ile, hata mahali ambapo baba alikuwa akisimama kuwanywesha farasi, pale palipo na mti wa mkuyu, isipokuwa mti haupo.

Bahasha alitetemeka chini yangu. Masikio huku, masikio kule. Nikamwambia twende. Hakwenda. Nikapiga ulimi. Nikaimba ule ubeti wa Awinja. Sauti yangu si kitu, akazidi kutetemeka. Priscah, amesimama kando na kikapu cha mahindi yake ya sadaka, akasema twendeni kwa miguu, si mbali, Mungu haangalii kiatu. Nikakataa.

Hapo ndipo Wanjala alipotokea nyuma yetu na trekta lake. Limechakaa, halina kizuia kelele kwenye bomba la moshi, linanguruma kama isukuti kumi. Tela limejaa mahindi na maua. Bahasha akageuza kichwa. Mwili wake wote ukalegea. Trekta lilipotupita, akalifuata.

Nilivuta hatamu. Wapi! Alikwenda kwa hatua nzuri, pua karibu na tela, mimi juu, mgongo wima, ndani ya moshi wa Wanjala. Watu walitoka majumbani. Wengine walidhani nimekodiwa kuwa sehemu ya mapambo. Wanjala aligeuka, akaniona, akapunga mkono kama anayeongoza msafara. "Mtoto wa saisi huyo!" alipaza sauti. "Nimemleta!"

Amenileta! Yeye!

Langoni pa kanisa alikuwa ameketi Mama Jepkosgei, aliyekuwa akifanya kazi jikoni kwa Mzungu wakati wa baba. Sikujua bado yu hai. Macho yake yamefifia sana. Alisikia kwato, akainua uso, akakinga jua kwa kiganja, akanitazama muda mrefu.

"Isaya," akasema. "Leo wamekuruhusu?"

Nikavua kofia. Nikasema ndiyo, Mama, wameniruhusu. Akasema vizuri, akaushusha mkono.

Kwa hiyo niliingia uwanjani. Liandikwe: niliingia, juu ya farasi, mbele ya kanisa zima. Wanjala alisimamisha trekta katikati, akazima injini. Mchungaji akainua mikono na kusema kwamba kabla ya sadaka tutasali kimya, kila mtu moyoni mwake, kama walivyotufundisha wazee.

Watu wote wakainamisha vichwa. Hakuna aliyekohoa.

Bahasha hakukimbia. Ningependa angekimbia, kukimbia kuna heshima yake. Aligeuka taratibu, akatoka langoni, akapita kwa Mama Jepkosgei, akashika njia tuliyojia, kwa hatua ndefu za mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nilivuta hatamu kwa nguvu zangu zote, kimya, kwa sababu ya sala. Nilipotazama nyuma, vichwa vyote bado vilikuwa vimeinama, isipokuwa cha Wanjala. Yeye alikuwa anachungulia.

Hakusimama hadi kwenye lori. Dereva alikuwa amefungua redio kwa sauti yote. Bahasha akaweka paji la uso kwenye mlango wa lori, akalala.

Wanjala alitufuata kwa miguu, mbio, suti imejaa vumbi. Hakucheka. Alisema shuka, ndugu yangu, kiti kipo, chakula kipo, wazee wanakuuliza. Ni hatua chache. Nikamwambia niliapa. Akasema umekwisha ingia, kiapo kimetimia, sasa shuka ukae. Nikamwambia nimeingia juu ya farasi, siwezi kurudi ndani kwa miguu. Alinitazama kama anavyotazama pampu iliyokauka. Kisha akamshikia Priscah kikapu, wakaenda wote wawili, Priscah akala kwa niaba yangu. Alirudi na firigisi imefungwa kwenye jani la mgomba. Akaniwekea mkononi.

Niliila nikiwa juu ya farasi. Miguu yangu haikugusa udongo wa Chekalini.

Alhamisi, 4 Desemba

Kipkoech amekubali: sharti lilikuwa kufika, halikuwa kukaa. Bahasha ni wangu. Anadai hata kama angemtaka asingemweza, kwa kuwa Turbo hakuna kikundi cha isukuti. Amenieleza pia, bila kuulizwa, kwamba kitu cha kutisha huondolewa pale mnyama anapotulia. Huo ndio ujira wake. Ukimwongezea, anajifunza kwamba kutulia ni kuomba zaidi. Nilimuuliza amesoma wapi. Anasema kila mtu anajua. Nina hakika ni toleo la pili.

Lakini kosa si langu. Kosa ni la ukimya. Farasi alizoezwa kila kitu isipokuwa huo, na dawa ni ile ile: azoezwe ukimya, wote, kwa pamoja, kwa wingi.

Nilikwenda kwa Awinja. Nimemwomba kikundi kizima kije kila alasiri, wavae, wasimame mahali pao, wapige ngoma bila kugusa ngozi. Yeye aimbe bila sauti. Alifikiri kidogo, akataka kuku wawili kwa kila mazoezi. Kunyamaza, alisema, ni kazi ngumu kuliko kuimba. Nikakubali. Nimekwenda pia kituo cha boda boda kuomba wasipige honi hadi Krismasi. Wamesema watalijadili. Walikuwa wakicheka, lakini kwa heshima.

Priscah amebakiwa na jogoo mmoja, na analala naye chumbani. Aliuliza: ikiwa ukimya ni wa Chekalini, na Shieywe hakuna ukimya, huyo farasi anazoezwa ili aende wapi? Nikasema ni suala la elimu. Akasema Wanjala amepiga simu mara mbili, kiti bado kipo. Nikasema nimesikia.

Alasiri wamefika. Wamejipanga mbele ya Bahasha, mikono inapanda na kushuka, midomo inafunguka, na hakuna kitu kinachosikika isipokuwa jogoo ndani ya nyumba. Abdulfatah ameegemea ua, amenyamaza, hajapata la kusema. Bahasha anatetemeka. Nimekwenda kusimama kando yake, mkono begani. Nilikaa hivyo kitambo, kimya. Bega halikuhama.

Lakini kulikuwa kimya mno. Nilianza kusikia yale majani makavu ya mahindi ya kule. Nikaifungua redio.

Kesho tunaanza upya, na kuku wanne wa kununua, wawili wa leo na wawili wa kesho.

Chekalini sitarudi.